Maswali ya Wasomaji: Maji ya Kupozea Yaingilie Juu au Chini?

Mwezi huu tumepokea barua tatu kutoka sehemu tatu zilizo mbalimbali, nazo zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: vimiminika viwili vinapopita pande mbili za ukuta mmoja wa chuma, kimoja kikitoa joto na kingine kikilipokea, je, upande vinakoelekea una uzito wowote? Kifaa cha namna hiyo huitwa kibadilisha joto. Barua tumezifupisha, lakini vipimo tumeviacha kama wenyewe walivyoviandika.

Swali la kwanza

Ndugu Mtaalamu, ninasimamia shamba dogo la ng'ombe wa maziwa katika Mkoa wa Njombe. Maziwa yakitoka kwenye mashine ya kukamulia hupita kwenye kipozeo cha pleti kinachotumia maji ya bomba, kisha huingia kwenye tangi la kupozea linaloendeshwa kwa umeme. Miezi miwili iliyopita fundi alikifungua kipozeo akakisafisha, na alipokirudisha alifunga mipira ya maziwa na ya maji, yote iingilie juu na itokee chini. Tangu siku hiyo maziwa yanafika kwenye tangi yakiwa na nyuzi 27 za Selsiasi, ilhali zamani yalikuwa hayazidi 23, na kompresa inanguruma muda mrefu kuliko ilivyozoea. Fundi anasema pleti ni zile zile na maji ni yale yale, kwa hiyo upande wa kuingilia hauna maana. Maziwa huingia yakiwa na nyuzi 36, maji yana nyuzi 18, na kila kimoja hupita kiasi cha lita 300 kwa saa. Fundi yuko sahihi?

*Msomaji, Njombe*

Jibu

Ndugu msomaji, fundi wako hayuko sahihi, na vipimo ulivyoviandika vinatosha kuonyesha kosa liko wapi. Ni kweli kwamba pleti hazikubadilika wala maji hayakubadilika. Kilichobadilika ni kikomo cha kazi ambayo pleti hizo zinaweza kuifanya, na kikomo hicho hupangwa na mwelekeo wa mitiririko.

Tuuanze mpangilio wa sasa, ambao nitauita mtiririko wa kuandamana, kwa kuwa maziwa na maji yanaanza safari pamoja juu na kuimaliza pamoja chini. Pale mlangoni maziwa yenye nyuzi 36 yanakutana na maji yenye nyuzi 18. Tofauti ni nyuzi 18, na joto linavuka chuma kwa nguvu. Lakini kadiri yanavyoteremka, maziwa yanapoa na maji yanapata joto, na tofauti inayolisukuma joto inapungua kwa haraka. Kwa kuwa viwango vya mtiririko vinakaribia kulingana, viwili hivyo vitakutana katikati, yaani kwenye nyuzi 27, na vikishafika hapo hakuna cha kusukuma joto tena. Hiyo 27 unayoisoma kwenye tangi lako haikutokea kwa bahati, kwa maana ni nusu kamili ya njia kati ya 36 na 18. Kipozeo chako kimegonga dari.

Nimekadiria, kwa kutumia vipimo vyako, kwamba theluthi ya kwanza ya urefu wa pleti inashusha maziwa karibu nyuzi 7.8, na theluthi mbili zinazobaki zinagawana nyuzi 1.2 tu. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya chuma ulichokinunua kwa fedha nyingi haina kazi. Maziwa na maji yanapita pande zake mbili yakiwa na joto linalokaribia kuwa moja.

Sasa tuchukue mpangilio wa zamani, ambao tutauita mtiririko wa kupishana, kwa sababu maziwa yanateremka wakati maji yanapanda, kama magari mawili yanavyopishana barabarani. Maziwa yanapokaribia kutoka, yakiwa yamekwisha kupoa, ndipo yanapokutana na maji ambayo ndiyo kwanza yanaingia na bado yana ubaridi wake wote. Juu, maji ambayo yamekwisha kupata joto yanakutana na maziwa yanayoingia, ambayo ni ya moto zaidi, na kwa hiyo bado yana cha kupokea. Kwa kipozeo cha ukubwa wa chako maziwa yatatoka na takriban nyuzi 22.5 na maji yatatoka na nyuzi 31.5. Ukipima popote kati ya juu na chini utakuta tofauti ile ile, nyuzi 4 na nusu hivi. Tofauti hiyo ni ndogo ukiilinganisha na zile 18 za mlangoni kwenye mpangilio wa kuandamana, lakini haiishi njiani, na kila sentimita ya chuma inafanya kazi.

Kwa hesabu ya nishati, maziwa yako yanapoteza kiasi cha kilowati 4.5 katika mtiririko wa kupishana na kilowati 3 tu katika mtiririko wa kuandamana. Ile kilowati moja na nusu inayobaki ndani ya maziwa inahamia kwenye tangi, na ni kompresa inayobebeshwa. Ikiwa kompresa yako inaondoa uniti mbili hadi tatu za joto kwa kila uniti ya umeme, unalipia nusu uniti hadi robo tatu kwa kila saa ya kukamua. Mimi hata hivyo ninaujali zaidi muda kuliko bili. Maziwa mabichi yanatakiwa kufika nyuzi 4 mapema iwezekanavyo baada ya kukamuliwa, na maziwa yanayoanza safari hiyo kutoka 27 yanakaa muda mrefu zaidi katika joto ambalo bakteria wanalipenda kuliko yanayoanza kutoka 22.

Huenda mtu akakushauri uongeze pleti au ufungulie maji zaidi. Kuongeza pleti katika mpangilio ulio nao sasa hakutakusaidia kitu: hata ukiuongeza uwezo wa kifaa mara mbili, maziwa yatabaki kwenye 27, kwa kuwa dari ni ile ile. Katika mtiririko wa kupishana, ongezeko hilo hilo lingeyashusha hadi karibu nyuzi 20.6. Ukiongeza maji mara mbili, hadi lita 600 kwa saa, dari inashuka kidogo na maziwa yatatoka na nyuzi 24 hivi. Linganisha namba hiyo na ile 22.5 unayoipata kwa lita 300 tu, mradi maji yapishane na maziwa. Mahali ambapo maji yanalipiwa au yanatekwa kwa pampu, lita 300 kila saa si kitu cha kumwaga.

Marekebisho yenyewe ni mepesi. Acha mipira ya maziwa ilivyo. Funga valvu ya maji, fungua mipira miwili ya maji, na uibadilishane ili maji yaingilie chini na yatokee juu. Kuna faida nyingine ya kuyaingiza chini: maji yanapopanda husukuma hewa mbele yake hadi nje, ilhali yakiteremka hewa inaweza kunaswa juu ya pleti na sehemu hiyo ya chuma ikabaki kavu. Tahadhari moja tu: hakikisha kwamba kipozeo chako ni cha pito moja, yaani milango yake yote minne iko upande mmoja wa fremu. Kama kuna milango upande wa mbele na wa nyuma, huenda maziwa yanapita pleti mara mbili au zaidi, na hapo usibadilishe mpira wowote kabla ya kutazama mchoro wa mtengenezaji.

Kujua kama umefaulu hakuhitaji kifaa cha gharama. Shika bomba la maji yanayotoka kwa mkono mmoja na bomba la maziwa yanayotoka kwa mkono mwingine, baada ya dakika chache za kukamua. Maji yanayotoka yakiwa na joto kuliko maziwa yanayotoka, una uhakika kwamba mitiririko inapishana, kwa sababu katika kuandamana jambo hilo haliwezekani hata kidogo: maji hayawezi kuyapita kwa joto maziwa yanayotembea nayo bega kwa bega. Kwako wewe tofauti itakuwa nyuzi 9, na mkono unaitambua bila shida. Ikiwa umebadilisha mipira na maziwa bado hayashuki chini ya 25, basi pleti zina ukoga wa maziwa, na usafi wa fundi ulikuwa wa nje tu. Maji hayo ya vuguvugu usiyamwage. Yanafaa kwa kusuuzia ndoo na vyombo mara ya kwanza kabla ya sabuni, na ng'ombe huyanywa vizuri asubuhi ya baridi.

Swali la pili

Mwalimu, mimi ni mwanafunzi wa chuo cha ufundi mjini Morogoro. Tulitengeneza kibadilisha joto kwa bomba la shaba la milimita 15 lililopita ndani ya bomba kubwa zaidi, urefu wake mita moja na nusu. Tulipitisha maji ya moto ya nyuzi 60 ndani na maji baridi ya nyuzi 25 nje, lita 4 kwa dakika kila upande. Kitabu kinasema mtiririko wa kupishana ni bora, lakini tulipogeuza mwelekeo maji ya moto yalitoka na nyuzi 53 mara zote mbili. Wenzangu wamehitimisha kwamba mwelekeo ni nadharia ya vitabuni. Tumekosea wapi?

*Msomaji, Morogoro*

Jibu

Hamkukosea kupima. Mmekosea kuhitimisha, na ninafurahi umeuliza, kwa kuwa watu wengi waliojaribu kwenye vifaa vidogo wameishia pale pale mlipoishia.

Ili kujua kama mwelekeo utaonekana au hautaonekana, wahandisi huchukua eneo la ukuta unaopitisha joto, wakalizidisha kwa wepesi wa ukuta huo kupitisha joto, kisha wakaligawa jibu kwa uwezo wa mtiririko wa kubeba joto. Wanapata namba isiyo na kipimo chochote, ambayo hapa nitaiita namba ya ukubwa. Inakuambia kama kifaa ni kikubwa au ni kidogo ukikilinganisha na mzigo wa maji uliokipa, si ukikipima kwa rula. Kipozeo cha msomaji wa Njombe kina namba ya ukubwa ya takriban 3. Bomba lenu, kwa vipimo ulivyoleta, nimelikadiria kuwa na namba ya robo tu.

Kwa robo, mtiririko wa kupishana unahamisha asilimia 20 ya joto lote linaloweza kuhamishwa, na wa kuandamana asilimia 19.7. Kwenu ninyi, ambao tofauti ya mwanzo ni nyuzi 35, hiyo ni nyuzi 7.0 dhidi ya 6.9. Kipimajoto cha chuo kinachosoma nusu nyuzi hakiwezi kuiona tofauti ya sehemu ya kumi. Sababu yake ni nyepesi: maji yenu yanapita kwa kasi na bomba ni fupi, kwa hiyo yanatoka yakiwa yamebadilika kidogo tu. Maji ya moto ni ya moto mwanzo hadi mwisho, maji baridi ni baridi mwanzo hadi mwisho, na tofauti kati yao ni karibu ile ile popote utakapopima. Dari ipo, ila mmesimama mbali nayo mno kuweza kuigusa.

Rudieni jaribio mkiwa mmeikuza namba hiyo hadi kufikia moja na nusu. Kupunguza maji peke yake hakutoshi, kwa kuwa maji yanayokwenda polepole hutulia kwenye ukuta na kuupunguzia wepesi wa kupitisha joto, kwa hiyo mtapata faida upande mmoja na kuipoteza sehemu yake upande mwingine. Refusheni bomba hadi mita sita hivi, mkilikunja kama nyoka ili litoshe mezani, kisha punguzeni maji hadi lita moja kwa dakika. Mkiifikia namba ya moja na nusu, maji ya moto yatatoka na nyuzi 39 katika kupishana na zaidi ya 43 katika kuandamana. Hiyo itaonekana hata kwa kipimajoto cha bei nafuu. Zungushieni bomba la nje sufi au nguo nzito, la sivyo joto litakalopotelea hewani litawachafulia hesabu.

Waambie wenzako pia kwamba nadharia hiyo ya vitabuni iko ndani ya kila pakiti ya maziwa iliyopasteurishwa kwa mtambo wa mtiririko. Maziwa hupashwa hadi nyuzi 72 na kushikiliwa hapo kwa sekunde 15, kisha hupozwa. Badala ya kuchoma mafuta ya kupasha kila lita upya, maziwa baridi ya nyuzi 4 yanayoingia hupishanishwa na maziwa ya nyuzi 72 yanayotoka, na mitambo mizuri hurudisha asilimia 90 ya joto kwa njia hiyo. Maziwa yanafika nyuzi 65 kabla hayajagusa chanzo chochote cha moto, na kazi ya boila inabaki nyuzi saba za mwisho. Mitiririko hiyo ikiandamana, kikomo kingekuwa nyuzi 38, na mtambo ungemeza joto mara tano kwa kazi ile ile. (Maziwa yaliyokwisha kupasteurishwa huwekwa kwenye shinikizo kubwa kuliko mabichi, ili pleti ikitoboka, uvujaji uelekee upande wa mabichi na si kinyume chake.)

Umeuliza pia mwishoni mwa barua kama viumbe wanatumia mbinu hii. Wanaitumia, na mfano ulio karibu nasi ni jodari. Anapoogelea, misuli yake inatoa joto, na damu inayotoka kwenye misuli hiyo ingelipeleka joto lote kwenye matamvua na kulipoteza baharini. Lakini mishipa midogo inayotoa damu ya joto imepangwa bega kwa bega na ile inayoleta damu baridi kutoka kwenye matamvua, ikielekea pande zinazopingana, hivyo joto linavuka kutoka mshipa mmoja hadi mwingine na kurudi mwilini. Ndiyo maana jodari ana joto mwilini kuliko maji anamoogelea. Matamvua yenyewe ya samaki nayo hupishanisha damu na maji, ingawa pale kinachovuka ni oksijeni.

Usidhani hata hivyo kwamba kuandamana hakuna mahali pake. Kuna vitu vinavyoharibika vikigusa ukuta wenye joto kali, na mtengenezaji anaweza kuchagua kwa makusudi kitu hicho kiingie pamoja na kimiminika cha moto, ili kinapofika mwisho, ambako kimekwisha kupata joto, kisikutane na ukuta wa moto kupita kiasi. Anajua amejifungia dari, na ameikubali.

Swali la tatu

Assalaam alaykum. Sisi ni kikundi cha akina mama wa Pemba, tunakamua mafuta ya makonyo ya karafuu na ya mchaichai kwa mvuke. Mtambo wetu ni mdogo, si kama kiwanda cha Wawi. Mvuke unateremka kwenye bomba lililozungushwa ndani ya pipa la maji, na chini yanatoka maji na mafuta. Mmoja wetu anasema maji ya kupozea yaingilie juu ya pipa, kwa kuwa ndipo mvuke ulipo na ndipo penye joto kali. Mwingine anasema yaingilie chini. Tufuate lipi?

*Msomaji, Chake Chake*

Jibu

Wa alaykum salaam, mama zangu. Yaingilie chini, na ya moto yatokee juu. Lakini sababu yake kwenu ni tofauti na ya Njombe, na anayesema juu hakuwaza ovyo.

Mvuke unapogeuka kuwa maji haushuki joto. Unabaki kwenye nyuzi 100 hivi hadi tone la mwisho lipatikane, huku ukitoa joto jingi mno. Kwa kuwa upande mmoja wa ukuta haubadiliki joto, hakuna cha kupishana wala cha kuandamana. Maji ya kupozea yakitoka juu kwenda chini au chini kwenda juu, mvuke utaganda kuwa maji kwa kiasi kile kile. Na hiyo ndiyo sehemu kubwa ya kazi. Chukueni mfano wa mtambo unaotoa kilo 10 za mvuke kwa saa: katika joto lote la kuondolewa, takriban asilimia 89 ni la kuugeuza mvuke kuwa maji. Kwa sehemu hiyo, mwelekeo kweli hauna uzito.

Asilimia 11 zinazobaki ndizo za kuyapoza maji na mafuta yaliyokwisha kupatikana, kutoka nyuzi 100 hadi 35 tuseme, na kazi hiyo inafanyika kwenye mizunguko ya chini ya bomba. Huko ndiko kunakotakiwa maji yenye ubaridi wake kamili. Mkiyaingiza juu, yatafika chini yakiwa yamekwisha kubeba joto la mvuke, na mafuta yenu yatatoka ya moto. Harufu mtakayoisikia uani ni mafuta yanayopotea hewani kabla hayajafika kwenye chombo. Tena maji ya moto yana tabia ya kukaa juu ya pipa na ya baridi kukaa chini. Mkiyaingiza chini taratibu, mnaifuata tabia hiyo, na pipa linajipanga lenyewe kwa tabaka. Mkimwaga ya baridi juu, yanazama na kulivuruga pipa zima hadi liwe na joto moja.

Kwa mtambo huo wa kilo 10 za mvuke, na maji ya nyuzi 28 yanayotoka juu yakiwa na nyuzi 60, mtahitaji kama lita 190 za maji kwa saa. Punguzeni au ongezeni kwa uwiano wa mvuke wenu. Bomba la kuingizia lifike karibu na kitako cha pipa, na mdomo wake uelekee pembeni, usielekee juu, ili lisirushe maji ya baridi hadi kwenye tabaka la moto.

Pipa linapofanya kazi, pitisheni kiganja ubavuni mwake kutoka chini kwenda juu, kwa tahadhari. Chini pawe pa baridi kama mtungi, katikati pawe vuguvugu, na juu pasishikike kwa muda mrefu. Kama vuguvugu limeshuka hadi karibu na kitako, fungueni maji zaidi kidogo au punguzeni moto. Mafuta ya makonyo ni mazito kuliko maji nayo huzama, ilhali ya mchaichai huelea, kwa hiyo chombo cha kutenganishia cha moja hakifai kwa jingine bila kubadilisha mahali pa kutolea. Lakini kwa yote mawili, pipa na mwelekeo wa maji ni ule ule.